Kidude Kinachotupwa Chini ya Mwarobaini

"Hii nimekutolea, bosi. Huku kwetu haina kazi, wameiweka kwa ajili ya nchi za baridi."

Fundi alikuwa ameishika kwa vidole viwili: kidude kinachoenea kiganjani, katikati kina springi, pembeni kimevaa kutu ya rangi ya matofali. Akakirusha chini ya mwarobaini, kikatua juu ya rundo la plagi zilizokufa na mikanda iliyokatika. Mpira wa rejeta ukarudishwa mahali pake, maji yakajazwa kwa kidumu, nikalipa, nikaondoka Tandika na Corolla 110 yangu huku nikiuangalia mshale wa joto uliolala chini kabisa. Nilifurahi. Wiki nzima iliyotangulia mshale ule ndio uliokuwa ukinipandisha presha.

Furaha ilidumu mpaka nilipokutana na foleni. Jumatatu jioni, Barabara ya Kilwa, katikati ya Mtoni kwa Aziz Ali na Mtongani, gari likachemsha upya. Nikasogea pembeni, nikainua boneti, na kama ilivyo kawaida ya Dar es Salaam, washauri wanne walishafika kabla mvuke haujatulia. Watatu kati yao waliuliza swali lilelile: "Themostati umetoa?" Nilipojibu ndiyo, wakaishiwa maneno, maana dawa waliyokuwa nayo ilikuwa imeshatumika.

Mwenye gari yeyote wa Temeke ameshaambiwa kwamba themostati ni ya Wazungu. Mimi niliambiwa nikaamini. Leo nasema ni moja ya uongo unaotugharimu sana, na mbaya zaidi unasemwa kwa nia njema.

Themostati ni mlango uliowekwa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta, na bawabu wake ni nta. Ndani ya kikopo kidogo mna nta iliyochanganywa na unga wa shaba. Ikipoa inashikana; ikipata joto inayeyuka, inatanuka, inasukuma kijiti, na valvu inafunguka. Joto likishuka, springi inairudisha. Hamna waya, hamna umeme. Ufundi huo wa kutumia nta ulibuniwa na Sergius Vernet huko Marekani katika miaka ya 1930, na hadi leo magari mengi yanayoshushwa bandarini Kurasini yamebeba nta ya namna hiyo. Kwenye Toyota nyingi ndogo valvu huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na maji yakifika 95 inakuwa imeachia nafasi ya milimita 8 au zaidi. Ukikipangusa kidude chenyewe utaikuta namba imegongwa kwenye bati: 82.

Sasa hoja ya nchi za baridi. Februari, jua la utosi, Dar es Salaam inafika nyuzi 32, siku nyingine inazidi kidogo. Sisi tunalowa jasho mpaka kwenye soksi. Lakini kwa injini iliyoundwa kufanya kazi kwenye nyuzi 80 na kitu hadi 90 na kitu, 32 ni baridi. Kati ya asubuhi ya Mbagala na asubuhi ya Berlin, injini inaona tofauti ya dakika kadhaa za kupasha mwili tu.

Ukiung'oa mlango, maji yanapita rejeta tangu unapowasha. Barabarani, upepo ukipiga, injini haifiki kwenye joto lake. Kompyuta ikisoma maji yako nyuzi 55 inadhani gari limewashwa sasa hivi, inaendelea kuongeza petroli. Gia otomatiki nyingi za Toyota hukataa kuingia gia ya juu kabisa mpaka maji yapate moto, kwa hiyo gari linanguruma kwa mizunguko mingi bila sababu. Unyevu uliotakiwa kukauka ndani ya oili unabaki humohumo. Mwenye gari anasikika kijiweni akisema "siku hizi limeanza kunywa", anabadilisha plagi, anabadilisha chujio, anamlaumu mwenye kituo cha mafuta. Akisafiri kwenda Njombe mwezi wa Julai, hita inampulizia baridi kama feni ya dukani.

Lililoniuma zaidi ni lile la foleni, kwa sababu lilipingana na akili yangu yote. Inakuwaje maji yapite muda wote na bado gari lichemshe?

Jibu liko mkiani. Themostati ya Toyota nyingi ndogo ina visahani viwili. Kile kikubwa kinafungua njia ya kutoka kwenye rejeta. Kile kidogo, mkiani, kinafanya kazi kinyume: mlango mkubwa unapofunguka, chenyewe kinaziba njia ya mkato, ile inayoyazungusha maji ndani ya injini bila kuyapitisha kwenye rejeta. Ukitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji inazunguka ndani kwa ndani, yanazidi kupata moto, wakati rejeta inapoza yale machache yaliyobahatika kuifikia. Ukiwa mwendoni upepo unaficha kasoro hiyo. Ukiwa umesimama nyuma ya lori la mchanga, haifichiki. Na hapo ndipo hedi inapopinda, gasketi inapoungua, na oili inapokuwa rangi ya chai ya maziwa. Gharama ya kuchonga hedi na kuirudisha ungenunulia themostati za ukoo mzima.

Hata hivyo, sitaki kumcheka fundi. Gari linapochemsha, kutoa themostati ni kipimo halali: ukiitoa na hali ikabadilika, umejua tatizo lilipo. Kosa ni kipimo kugeuzwa matibabu. Tena fundi ameona kwa macho yake themostati nyingi zilizoganda, kwa hiyo ana haki ya kuzichukia. Asichokiuliza ni kwa nini zimeganda. Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni maji. Visima vingi vya huku kwetu vina chumvi, na sisi tunaijaza injini maji hayo mwaka hadi mwaka bila kulanti, ndani ya bloku ya chuma yenye hedi ya aluminiamu. Kutu inalegea, inasafiri, inakwama penye uwazi mdogo. Penye uwazi mdogo ni kwenye themostati. VETA ya Chang'ombe, ambako vijana wanafundishwa umakanika darasani, haiko mbali na mwarobaini ule. Lakini wengi wa gereji bubu wamejifunza kwa kushika taa na kupokeza spana, na mwalimu wao alipokea sentensi ya "nchi za baridi" kutoka kwa mwalimu wake.

Nikaamua kuirudisha mwenyewe, uani, Jumamosi asubuhi. Naandika uani makusudi. Kazi hii inafanywa injini ikiwa imelala usiku kucha, na gereji haina subira hiyo. Mfuniko wa rejeta unabana maji kwa presha (tazama namba juu yake: 0.9 au 1.1) ili yasichemke hata yakivuka nyuzi 100. Ukiufungua yakiwa ya moto, yanageuka mvuke usoni kwako palepale. Kidole kikishindwa kukaa juu ya rejeta kwa raha, rudi ndani ukanywe chai.

Kabla ya kuifunga, ipike. Nilinunua themostati mpya Gerezani, na Gerezani, kama mjuavyo, boksi likiandikwa Genuine si ushahidi wa chochote. Nikaifunga uzi, nikaining'iniza kwenye sufuria kuukuu bila kugusa kitako, pamoja na kipimajoto. Mke wangu alisimama mlangoni kuhakikisha ni kuukuu kweli. Kwa muda mrefu hakikutokea kitu. Mshale ulipopita 80, mstari mwembamba ukaonekana kwenye ukingo wa kisahani, wa unene wa ukucha. Kisha kisahani kikaanza kushuka polepole, bila sauti, mpaka ungeweza kupitisha penseli. Nikazima jiko, kikarudi vilevile. Huna kipimajoto? Dar iko usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye 100, kwa hiyo themostati isiyofunguka mpaka maji yanatokota ni ya kurudisha dukani. Ndugu zangu wa Njombe wasitumie kanuni hiyo ovyo, kwao maji yanatokota kabla ya kufika 95.

Kuipata kwenye gari, fuata mipira. Kwenye Corolla yangu nyumba yake iko mwisho wa mpira wa chini wa rejeta, imeshikwa na nati mbili za spana namba 10. Wenye IST ya injini ya 1NZ wana kazi zaidi: imejificha nyuma ya oltaneta, lazima mkanda utoke na oltaneta itoke, na kama hujawahi kufanya hivyo, siku ya kwanza mwite anayejua. Chomoa waya wa betri. Weka beseni chini, legeza kizibo cha rejeta, maji yatoke yote. Kama yana kulanti usiyamwage uani hata dakika moja. Aina nyingi zina sumu yenye utamu, na paka, kuku au mtoto anayetambaa hajui tofauti yake na sharubati.

Nilipofungua nyumba ile, tope la kutu lilitoka kama uji wa ulezi. Hapo usiwe na haraka. Kwangua kwa kipande cha mti au plastiki, bisibisi itachuna aluminiamu na itavuja milele. Springi inaangalia ndani ya injini. Raba mpya inavishwa ukingoni mwa themostati, na ikiwepo raba nzima silikoni haihitajiki. Ile silikoni nyekundu inayomwagika ndani ndiyo inayoenda kuziba vinjia. Kuna tundu dogo lenye kijipini kinachocheza: likae juu, saa sita kamili, maana ndiyo njia ya hewa kupumulia. Nati zikaze kwa mkono kwanza, halafu spana fupi, huku kidogo na huku kidogo. Zinataka nguvu ya kifundo cha mkono tu. Fundi wa kukanyagia spana kwa mguu atakata bolti, na bolti iliyokatikia kwenye aluminiamu ni makala nyingine.

Kulanti nikachanganya nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi. Magari madogo mengi hula lita 5 au 6 kwa jumla. Mimina taratibu, minyaminya mipira hewa itoke, washa injini mfuniko ukiwa wazi na hita ikiwa kwenye joto la juu kabisa. Utatokwa jasho kama uko hamamu, vumilia. Shika mpira wa chini: baridi, baridi, baridi, halafu ghafla unapata uhai. Mlango umefunguka. Dakika chache baadaye feni ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Nikajazia kilichopungua, nikafunga, na mshale ukasimama katikati. Haujaondoka hapo tangu siku hiyo, pamoja na foleni zote za Kilwa.

Nilipopita Tandika wiki iliyofuata, fundi alishika mipira yangu kwa kiganja, akaniangalia.

"Umeirudisha?"

"Nimeirudisha. Lakini niliipika kwanza."

Alicheka, kisha akanyamaza. Akaenda chini ya mwarobaini, akachokoa rundo kwa mguu, akarudi na themostati tatu, akazigonganisha kutu idondoke. Kijana akatumwa kutafuta kopo tupu la maziwa, likajazwa maji, likapandishwa kwenye jiko la mkaa la mama lishe, katikati ya maharage na birika la chai. Tukasimama wanne tumeinamia kopo. Ya kwanza haikutikisika. Ya pili nayo. Mama lishe akachungulia, kijiko mkononi.

"Na hiyo inaiva saa ngapi?"