KITI CHENYE MOTA SI GARI



Mashine ya kiwandani au trekta la shambani likimkata mwenzetu miguu, riziki yake nayo imo hatarini, maana hawezi tena kufika kazini. Kiti cha magurudumu chenye mota na betri chaweza kumrudishia mwendo. Lakini je, mbele ya sheria kiti hicho ni gari? Kikiitwa gari, mwenyewe atadaiwa leseni, kodi na bima, na atafukuzwa kwenye njia ya waendao kwa miguu.

Tutazame Uingereza. Sheria ya mwaka 1970 ilisema kwamba chombo cha mlemavu kinachotimiza masharti hakihesabiwi kuwa gari. Kanuni za mwaka 1988 zikagawa vyombo hivyo madaraja matatu:

(1) Kiti kisicho na mota, kinachosukumwa kwa mikono.

(2) Kiti au skuta yenye mota, isiyozidi maili 4 kwa saa (kama kilomita 6 na nusu). Hupita njia ya waendao kwa miguu.

(3) Chombo kiwezacho kwenda barabarani kwa maili 8 kwa saa (kama kilomita 13). Kikipanda njia ya waendao kwa miguu, lazima kirudi maili 4. Kiwe na breki, taa, honi na kioo cha kutazamia nyuma. Mwendeshaji awe ametimiza miaka 14. Lazima kiandikishwe serikalini, ila hakilipiwi kodi ya barabara. Katika barabara kuu za mwendo wa kasi hakiruhusiwi kabisa.

Leseni ya udereva haitakiwi. Bima si lazima, ingawa ni busara kuwa nayo, kwa sababu kiti kizito kikimgonga mtu humuumiza.

Hapa tunajifunza jambo moja: sheria ilihesabu kiti kuwa ni miguu ya mtu, kisha ikaweka mipaka ya kuwalinda wapita njia.

Nchi zetu nazo zimejifunga. Kenya na Uganda mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009, ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 20 kinazitaka serikali zimwezeshe mlemavu kutembea kwa uhuru, kwa gharama anayoimudu.

Basi tukikaa mezani na mwajiri, tusidai fidia peke yake. Tudai pia njia ya mteremko pale penye ngazi, lango linalopitisha kiti, na mahali pa kuchaji betri. Mwenzetu aliyeumia kazini ana haki ya kurudi kazini.