Haipnosisi si Kiinimacho: Neno na Hofu ya Mtoto

Katika nyumba za kupanga za Ruiru na mitaa iliyopakana na viwanda vya Thika, yupo mtoto anayejulikana na kila mwalimu. Siku ya mtihani ikikaribia, tumbo humuuma. Usiku hapati usingizi, asubuhi hutapika, na ifikapo Jumamosi yu buheri wa afya. Aghalabu huitwa mvivu au mdeka, na pengine husemwa kuwa ametupiwa jicho. Yamkini anachougua ni wasiwasi. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kunong'ona. Kwa hakika mtoto huyu hunong'onezwa mchana kutwa, tena na sauti yake mwenyewe: utaanguka, utachekwa, mama atakasirika.

Miongoni mwa njia ambazo madaktari na wanasaikolojia hutumia kumtuliza mtoto wa namna hii ni haipnosisi. Ugumu huanza pale inapotajwa kwa Kiswahili. Katika fikra za wengi, jambo hili limefungamanishwa na kiinimacho na mazingaombwe, na kutoka hapo hadi kwenye uchawi ni hatua moja tu. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe atafanyiwa kiinimacho, ana kila sababu ya kumshika mkono na kwenda zake. Hapo mwenye kosa si mzazi, ni istilahi.

Hata aliyelieneza jina la haipnosisi hakuridhika nalo. James Braid, daktari mpasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, alitazama maonyesho ya jukwaani mwaka 1841, akaanza kuyachunguza, na mwaka 1843 akachapisha kitabu kuhusu hali hiyo aliyoipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Baadaye alitambua kwamba wengi wa wagonjwa wake hawakuwa wamelala hata kidogo. Mwaka 1847 akapendekeza jina jingine, lenye maana ya akili kutulia juu ya wazo moja. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Pendekezo hilo la pili ndilo linaloeleza jambo lenyewe. Mtoto huketi, akapumua polepole, akaelekeza fikira zake kwenye picha anayoipenda hadi mengine yote yakafifia. Katika hali hiyo mtaalamu humpa maneno ya kumtuliza. Mtoto husikia, hujua alipo, na anaweza kukataa. Watoto wa umri wa shule ya msingi huingia katika hali hii kwa wepesi kuliko watu wazima, kwa kuwa kujifanya rubani au simba ni kazi yao ya kila siku.

Je, husaidia? Uholanzi, mwaka 2007, utafiti uliohusisha watoto 53 wenye maumivu ya tumbo ya muda mrefu ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja asilimia 85 ya waliopewa haipnosisi walikuwa wamepata nafuu, ikilinganishwa na asilimia 25 ya waliopewa matibabu ya kawaida. Kwa wasiwasi wenyewe ushahidi ni mchache zaidi, na tiba ya kuzungumza inayomfunza mtoto kuzipima fikra zake ndiyo hutangulizwa. Haipnosisi ni msaidizi wake.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana la kusema hapa, maana dawa yenyewe ni lugha. Chukua tamko la kawaida, "usiogope." Ili mtoto alielewe, hana budi kwanza kuifikiria hofu, ukanushi huja na kile unachokikanusha. Linganisha na "ukipumua, mabega yanashuka." Kiambishi -ki- kinaunganisha tendo alilo nalo mtoto tayari na lile linalotarajiwa, na -na- kinalionyesha likitendeka, bila amri yoyote. Kauli za vitenzi nazo zina uzito. "Nitakutuliza" ni kauli ya kutendesha, na mwenye nguvu ni mtaalamu. "Unatulia" inamwachia mtoto nguvu zake. Mganga wa mazingaombwe, kama yupo, angechagua ile ya kwanza.

Picha nayo iwe ya mtoto mwenyewe. Maelezo yaliyotafsiriwa kutoka ng'ambo hupenda kumpeleka ufukweni, na mtoto wa Ruiru huenda hajawahi kuiona bahari. Anayafahamu maji ya mto Chania, njia iliyo katikati ya mibuni, au jikoni kwa nyanya yake chai ikichemka. Na kama lugha ya jikoni hiyo ni Kikuyu, au Sheng, Kiswahili sanifu kisimsimamie mlangoni.

Kazi hii si ya kila mwenye sauti nzuri. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inawataka wanaotoa huduma hiyo nchini Kenya wasajiliwe, na mtoto anayeumwa tumbo apimwe na daktari kwanza. Mzazi naye aelezwe kila hatua kwa lugha anayoielewa, kabla ya kutoa idhini.

Baada ya vikao kadhaa mtoto hufunzwa kujifanyia mwenyewe. Asubuhi ya mtihani, karatasi ikiwa bado imefunikwa, anabana kidole gumba na cha shahada kama alivyozoea nyumbani, anapumua mara tatu, anaisikia chai ya nyanya ikichemka, kisha anaifunua karatasi na kuandika jina lake.