Kifaa cha chaneli nyingi hupimaje uimara wa daraja?

LORI linapopanda juu ya mizani ya kielektroniki kando ya barabara kuu, uzito wake husomwa na vipande vidogo vya metali, vyembamba kama karatasi, vilivyogandishwa kwenye vyuma vinavyobeba jukwaa. Wahandisi huviita geji za mnyumbuko. Vipande vya aina hiyo hutumika pia kuchunguza madaraja na mabawa ya ndege, ila huko geji huweza kufika makumi au mamia, zote zikisomwa na kifaa kimoja chenye chaneli nyingi.

Kanuni yake si ngumu. Chuma kikivutwa hurefuka, na waya mwembamba uliogandishwa juu yake hurefuka pamoja nacho, hivyo ukinzani wake wa umeme huongezeka. Mbinu hiyo ilibuniwa mwaka 1938 na Wamarekani wawili, kila mmoja kivyake: Edward Simmons huko California na Arthur Ruge huko Massachusetts.

Ugumu umo katika udogo wa vipimo. Chuma cha urefu wa mita moja kikirefuka kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, geji ya ohm 120 hubadilika kwa ohm 0.024 tu. Ndiyo maana kila chaneli huwa na sakiti ya pande nne iitwayo daraja la Wheatstone (daraja la kupimia daraja, ukipenda), inayoigeuza tofauti hiyo kuwa volti. Sakiti ikilishwa volti 5, itatoa takriban robo ya milivolti. Kifaa kisichoweza kuikuza ishara hiyo bila kuichanganya na kelele za umeme hakifai, hata kikiwa na chaneli mia.

Kisha kuna jua. Joto la chuma likipanda kwa nyuzi 20 kati ya alfajiri na adhuhuri, chuma hutanuka zaidi ya mara mbili ya kipimo tulichokitaja, bila gari hata moja kupita. Kwa sababu hiyo kifaa bora huruhusu geji ya pili, iliyogandishwa kwenye kipande cha chuma kisichobeba mzigo, iunganishwe katika sakiti hiyo hiyo ili athari ya joto ijifute yenyewe.

Jambo jingine ni wakati. Vifaa vya zamani vilikuwa na kikuza ishara kimoja, kikihamishwa kwa swichi kutoka geji moja hadi nyingine. Hiyo inatosha kwa mzigo uliotulia. Lakini lori la mwendo wa kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 kila sekunde. Kifaa kikichukua sekunde nzima kuzizungukia geji zote, vipimo vyake vitakuwa vya nyakati tofauti, na lori litakuwa limekwisha kusogea. Siku hizi vifaa vya kazi hiyo huipa kila chaneli kikuza ishara chake, na zote hufuata saa moja.

Hata hivyo, geji husema habari za mahali ilipogandishwa tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walifunga geji kwenye vyuma vya daraja la I-35W mjini Minneapolis, wakapitisha malori yenye uzito uliojulikana. Ripoti yao ya mwaka 2001 ilieleza kwamba nyufa za uchovu wa chuma hazikutarajiwa katika fremu kuu.

Agosti 1, 2007, daraja hilo liliporomoka katika Mto Mississippi. Watu 13 walifariki dunia na 145 walijeruhiwa.

Vipimo vya watafiti havikuwa vya uongo. Uchunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji, uliokamilika mwaka 2008, ulibaini kwamba chanzo hakikuwa uchovu wa chuma bali mabamba ya kuunganishia fremu, ambayo kwa kosa la usanifu yalikuwa membamba mno. Siku hiyo yalielemewa na uzito ulioongezwa darajani kwa miaka mingi, magari, pamoja na vifaa vya ujenzi vilivyorundikwa juu yake. Utafiti ule ulikuwa umeuliza swali la uchovu, si la unene wa mabamba.

Daraja jipya, lililofunguliwa mahali pale pale Septemba 2008, lilijengwa likiwa na vihisi zaidi ya 300, vingine vikiwa ndani ya zege lenyewe.