Amri Zinazotangulia Kompyuta Inapowaka

Umeme ukikatika ghafla, kompyuta inayotumia Ubuntu inaweza kugoma kuwaka. Skrini hubaki nyeusi, ina neno initramfs na alama inayosubiri kuandikiwa. Wengi hudhani mashine imekufa. Anayeijua kazi huandika fsck na jina la sehemu ya diski yenye hitilafu, husubiri ikaguliwe na kurekebishwa, kisha huandika exit. Mara nyingi kompyuta huendelea kuwaka kama kawaida.

Lakini hiyo fsck imetoka wapi, ikiwa diski yenyewe bado haijafunguliwa? Ipo kwa sababu kuna watu walioamua mapema kwamba lazima ipatikane kabla ya programu nyingine.

Uamuzi wa aina hiyo ulianza zamani, kwenye maabara za Bell nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipounda Unix. Nafasi ilikuwa finyu. Makala yao ya mwaka 1974 inaeleza kompyuta ya PDP-11/45 iliyokuwa na diski kadhaa, zikiwemo moja ya megabaiti 1 na nne za megabaiti 2.5 kila moja. Programu ziligawanywa: baadhi katika saraka ya /bin, nyingine katika /usr/bin, ambayo iliweza kukaa kwenye diski tofauti.

Hapo ndipo penye mtego. Amri inayounganisha diski ya pili na mfumo huitwa mount. Ikihifadhiwa katika diski hiyohiyo ya pili, ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Mwaka 1994 watengenezaji wa Linux walitoa kanuni za kupanga mafaili, ambazo baadaye ziliitwa FHS. Kigezo chake ni wazi: sehemu ya kwanza ya mfumo iwe na vifaa vya kutosha kuuwasha, kuurejesha, kuuokoa na kuukarabati. Ndiyo maana sh, ls, cp na mount zikawekwa /bin. Hata tar na gzip zilipewa nafasi humo, kwa kuwa bila hizo ni vigumu kufungua nakala za akiba baada ya maafa. Vilevile, amri haitembei peke yake. Ikitegemea maktaba iliyoko /usr/lib, na /usr haijaunganishwa, amri hiyo haifanyi kazi.

Leo kazi hiyo imehamia kwenye initramfs, mfumo mdogo unaopakiwa kwenye memori kabla diski kuu haijafunguliwa. Mara nyingi humo hutumika BusyBox, programu moja inayobeba amri nyingi, iliyoanzishwa na Bruce Perens mwaka 1995 ili kisakinishi cha Debian kienee katika flopi moja. Kwa kuwa initramfs sasa hubeba kazi ya kuwasha mfumo, Fedora iliunganisha /bin na /usr/bin mwaka 2012, na Debian 12 ya mwaka 2023 ikaufanya mpangilio huo kuwa wa lazima.

Mipaka ya saraka imefutika, ila uchaguzi umebaki palepale. Diski iliyofungwa kwa nywila inahitaji cryptsetup ndani ya initramfs. Ikikosekana, kompyuta haitaweza kuifungua hata mwenyewe akiikumbuka nywila. Kwa hiyo, mwenye seva ya Debian au Ubuntu aendeshe lsinitramfs leo, mashine ikiwa nzima, ahakikishe kilichomo kinamtosha. Akibadilisha mpangilio wa diski, aendeshe update-initramfs kabla ya kuizima.