Kuunganisha kompyuta na mlango wa konsoli wa ruta

0. Utangulizi

Ruta ni chombo kinachounganisha mitandao miwili au zaidi na kuchagua njia ambayo kila kifurushi cha data kitapitia hadi kifike kinakokwenda. Kwa kawaida fundi huiamuru ruta kwa kupitia mtandao wenyewe: huandika anwani yake kwenye kompyuta, akataja nywila, akaingia. Njia hiyo ina upungufu wa asili, kwa kuwa inadai mtandao uwe mzima. Ruta mpya ambayo haijapewa anwani, ruta iliyovurugwa na amri moja iliyokosewa, au ruta ambayo nywila yake imeondoka na mtumishi aliyehama, haifikiki tena kwa njia hiyo. Hapo chuo kizima kinaweza kukosa intaneti, ilhali chombo chenyewe hakina ubovu na taa zake zinawaka.

Makala haya yanakusudia kueleza mlango mwingine, usiotegemea mtandao, unaoitwa mlango wa konsoli. Mifano imechukuliwa kwenye ruta za Cisco, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1984, ambazo hutumiwa sana katika ufundishaji wa mitandao.

1. Maneno mawili ya msingi

Neno "konsoli" lina asili ya Kifaransa. Katika enzi ya kompyuta kubwa lilitaja meza ya mwendeshaji, yaani mahali alipoketi mtu aliyesimamia mashine nzima. Maana hiyo haijapotea: anayeingia kwa konsoli huhesabiwa kuwa yuko mbele ya chombo, ana kwa ana.

"Mfululizo" hutaja namna data inavyosafiri: biti hupita moja baada ya nyingine katika waya mmoja, kama watu wanaopita kwenye mlango mwembamba. Kanuni ya umeme inayofuatwa ni RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960. Kwa kanuni hiyo biti ya 1 huwakilishwa na volti hasi, kati ya 3 na 15 chini ya sifuri. Biti ya 0 huwakilishwa na volti chanya za kiasi hichohicho.

2. Vifaa

Kinachohitajika kwanza ni waya wa konsoli, ambao mara nyingi ni bapa na wa rangi ya samawati. Upande wa ruta una kichwa cha RJ-45. Upande wa kompyuta una kichwa cha matundu tisa. Kichwa cha RJ-45 hufanana kabisa na kile cha waya wa Ethernet, na hapo wanaoanza hukosea. Mpango wa ndani ni tofauti: katika waya wa konsoli wenye RJ-45 pande zote mbili, uzi wa 1 huishia nafasi ya 8, wa 2 nafasi ya 7, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Waya wa kawaida wa Ethernet ukichomekwa hapo huingia vizuri, lakini hausemi lolote.

Kompyuta nyingi za leo hazina tena mlango wa pini tisa. Hivyo huongezwa kigeuzi cha USB pamoja na programu yake ya kuendeshea. Baadhi ya ruta zina pia konsoli ya USB, nayo waya wa kawaida wa USB hutosha.

3. Mapatano ya pande mbili

Hiki ndicho kiini cha jambo. Katika Ethernet, vyombo viwili huweza kujadiliana vyenyewe kuhusu kasi. Katika konsoli hakuna majadiliano: kila upande hupangwa peke yake, na mipango ikitofautiana hakuna atakayeuonya upande mwingine. Mipango ya kawaida ya Cisco ni hii:

a) kasi: bodi 9600;
b) biti za data: 8;
c) pariti: hakuna;
d) biti ya kumalizia: 1;
e) udhibiti wa mtiririko: hakuna.

Kipimo cha bodi kimepewa jina la Émile Baudot (1845–1903), mhandisi Mfaransa wa telegrafu. Katika konsoli, bodi 9600 ni biti 9600 kwa sekunde. Kila herufi hutanguliwa na biti moja ya kuanzia, hufuatwa na biti zake nane, kisha ile ya kumalizia. Jumla ni biti 10. Kwa hiyo waya hupitisha herufi 960 kwa sekunde, ambazo ni nyingi kuliko macho yanavyoweza kusoma.

Biti ya kuanzia ndiyo inayompa mpokeaji ishara ya kuanza kuhesabu. Herufi A kubwa, kwa mfano, huandikwa 01000001. Mpokeaji aliyepangwa kwa kasi nyingine ataupima umeme uleule kwa vipande vya muda visivyo sawa, naye ataona takataka za alama. Ujumbe haukuharibika njiani. Umesomwa kwa kipimo kisicho chake. Mwanaisimu atatambua hapa kanuni anayoijua: msemaji na msikilizaji wasioshiriki mfumo mmoja husikia sauti tu, wasipate maana.

4. Hatua za kuunganisha

Kwanza, waya huchomekwa kwenye mlango wa ruta ulioandikwa konsoli. Pili, hutafutwa jina ambalo kompyuta imeupa mlango wake: katika Windows ni kama COM3, katika Linux ni kama /dev/ttyUSB0. Tatu, hufunguliwa programu ya terminali, kama PuTTY au minicom, na kuandikwa mipango mitano iliyotajwa. Nne, hubonyezwa kitufe cha kuingiza. Ruta hujibu kwa jina lake likifuatwa na alama >, au kwa kuuliza nywila.

Ikiwa skrini imebaki tupu, waya au jina la mlango huchunguzwa kwanza. Zikionekana alama zisizosomeka, kasi ndiyo yenye kasoro. Ikiwa maandishi ya ruta yanasomeka lakini yanayoandikwa na fundi hayapokelewi, udhibiti wa mtiririko huenda haukuzimwa.

5. Nywila iliyopotea, na hatari yake

Nywila ikipotea, konsoli ndiyo njia ya kurudi. Katika ruta nyingi za Cisco, umeme huzimwa na kuwashwa. Katika sekunde 60 za kwanza hutumwa ishara ya kukatiza. Rejista ya usanidi hubadilishwa kuwa 0x2142, na ruta huamka bila kusoma usanidi uliohifadhiwa. Fundi huurudisha usanidi huo, huweka nywila mpya, hurudisha rejista kwenye 0x2102, kisha huhifadhi. Akisahau rejista, ruta itaamka tupu kila umeme unapokatika.

Njia inayomwokoa mwenye ruta humfungulia pia mgeni. Afikaye kwenye chombo na waya mkononi ana uwezo wa kuipita nywila.

6. Hitimisho

Mambo mawili yanafuata. Chumba cha ruta hakina budi kufungwa, na ufunguo wake kujulikana uliko. Pia, waya wa konsoli, kigeuzi na karatasi yenye mipango mitano vinapaswa kuwekwa pamoja humo, kabla ya siku ya shida. Akiba haiozi, na siku mtandao ukikatika, hautakuwapo wa kutafutia maelezo haya.