Kumwongoza mgeni Bunkeya: boma, ikulu au kasri?

Mgeni akifika Lubumbashi na kuomba kutembezwa kwa siku moja, safari hupangwa kwa urahisi: gari moja, dereva mmoja na mtu wa kueleza. Mara nyingi mtu huyo wa kueleza ni mwanafunzi wa lugha, kwa sababu ana Kifaransa, ana Kiswahili, na pengine ana Kiingereza cha kutosha. Mgeni akipenda historia, ataomba apelekwe Bunkeya, mji wa Msiri. Watu wanatoka alfajiri, wanapita Likasi, kisha wanaiacha barabara kuu na kuelekea kaskazini. Mimi nimefanya safari hiyo. Tulipofika, mgeni wetu alishuka, akatazama huku na huku, akauliza: "Sasa, château kiko wapi?"

Sikuwa na jibu zuri siku ile. Nilisema tu kwamba hakipo tena. Mgeni akapiga picha mbili tatu, na safari yote ikawa kama imekwisha kabla ya kuanza. Makala hii inaeleza jibu ambalo ningetoa leo, na sababu zake. Wazo lake ni moja: mahali ambapo kuta hazikubaki, maneno yamebaki, na kiongozi aliyesoma isimu anaweza kuyatumia, mradi ajue yanathibitisha nini na hayathibitishi nini.

Tuanze na mahali ambapo kuta zipo. Huko Scotland, ziara ya siku moja kwenye ngome za zamani ni biashara kubwa: mgeni anachukuliwa hotelini asubuhi, anaonyeshwa ngome na milima, anarudishwa jioni. Mawe yanaonekana, kwa hiyo kazi ya kiongozi inaonekana kuwa nyepesi. Lakini hata huko mawe hayasemi yenyewe. Mji mkuu, Edinburgh, kwa lugha ya wenyeji ya Kigaeli unaitwa Dùn Èideann, na neno "dùn" maana yake ni ngome. Dumbarton nao ulitokana na Dùn Breatann, yaani ngome ya Wabritoni. Mgeni asiyeelezwa neno hilo ataona kilima na ukuta. Mgeni aliyeelezwa atajua kwamba kabla ya ukuta anaouona palikuwa na ngome nyingine, na watu wa lugha nyingine.

Scotland haiko mbali na Bunkeya kama tunavyofikiri. Februari 1886 alifika kwa Msiri mmisionari Frederick Stanley Arnot, mzaliwa wa Glasgow. Aliishi pale kwa ruhusa ya Msiri hadi 1888, na mwaka 1889 kitabu chake kikachapishwa kwa jina la Garenganze, ambalo lilikuwa jina la ufalme wenyewe. Mtu huyu aliyetoka nchi ya ngome za mawe aliukuta mji mkuu wenye nguvu uliojengwa kwa miti, udongo na nyasi. Hapo ndipo jibu la kwanza la swali la mgeni linapoanzia. Bunkeya haikukosa makao ya mfalme. Ilikuwa na vijiji vingi vilivyokaa pamoja, na misafara ya biashara ilifika kutoka pwani ya mashariki na kutoka Angola. Shaba, chumvi na pembe za ndovu zilipita hapo, na watu waliouzwa utumwani walipita hapo pia. Kilichokosekana ni jiwe, na mti ukiachwa bila mtu wa kuutunza hauchukui miaka mingi kuoza.

Jibu la pili ni tarehe. Aprili 1891 alifika Paul Le Marinel kwa niaba ya dola la mfalme Leopold II. Desemba mwaka huo ulifika msafara wa William Grant Stairs, mzaliwa wa Canada, nao ukimtumikia Leopold. Msiri alikataa kuikubali bendera yao. Tarehe 20 Desemba 1891, huko Munema, kijiji chenye uzio wa miti nje kidogo ya Bunkeya, kapteni Omer Bodson alimpiga Msiri risasi akamwua, na yeye Bodson akauawa na watu wa Msiri. Baada ya hapo watu wengi wakatawanyika.

Sasa tunaweza kuja kwenye maneno. Munema ilikuwa nini? Kwa Kifaransa mtu anaweza kuchagua "village", "fort" au "palais", na kila neno linampa mgeni picha nyingine. Kwa Kiswahili tuna "boma". Boma kwanza ni uzio: wa miti, wa miiba au wa udongo, unaozunguka watu au ng'ombe. Baadaye, wakati wa ukoloni, neno hilo lilichukuliwa kuitia makao ya serikali ya wilaya, na kwa jirani zetu wa Zambia bado linatumika hivyo. Kwa hiyo kiongozi akisema "hapa palikuwa na boma", amesema jambo la kweli juu ya jengo lenyewe, na pia amemfungulia mgeni mlango wa kuuliza ilikuwaje neno la uzio wa kiafrika likawa neno la ofisi ya mkoloni.

Lubumbashi tuna neno letu pia, "lupango". Kila mmoja wetu analitumia kwa uwanja wa nyumba yake, ule uliozungushiwa ukuta au ua. Tunalishiriki na Kibemba, ambamo linahusu uzio vilevile. Mgeni aliyelala katika lupango la Kenya au Katuba amekwisha kuliona wazo lenyewe kabla hajafika Bunkeya: mji unaopangwa kwa nyua, na mwenye ua ndiye mwenye amri ndani yake.

Neno la tatu linatoka mbali zaidi, na ndilo linaloeleza Msiri alikuwa nani. Jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa, na asili yake ilikuwa Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, jirani na Wanyamwezi. Katika lugha za eneo hilo, makao ya mtemi yanaitwa "ikulu". Tanzania ilipohitaji neno la makao ya rais ililichukua hilo hilo, na leo kila Mtanzania anasema "Ikulu". Kiongozi wa Bunkeya anaweza kumwambia mgeni wa Dar es Salaam kwamba mfalme huyu alitoka katika nchi iliyompa rais wake jina la nyumba. Nimeona sura za watu zikibadilika kwa kusikia hilo, kuliko kwa kusikia tarehe.

Hapa lazima tuweke tahadhari, kwa sababu maneno ya majengo hudanganya pia. Mifano mizuri iko pwani, ambako mawe yamebaki pamoja na majina, na tunaweza kulinganisha. Huko Kilwa Kisiwani, mahali palipoandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1981, kuna magofu makubwa yanayoitwa Husuni Kubwa. "Husuni" imetokana na neno la Kiarabu la ngome. Lakini wanaakiolojia waliochimba hapo walikuta jumba la sultani la karne ya 14, lenye birika la kuogelea na nyua za biashara. Aliyelipa jina aliona kuta nene juu ya mwamba, akasema ngome. Jina linatuambia jinsi watu wa baadaye walivyoyaona magofu, na halituambii aliyejenga alitaka nini.

Kisiwani hapo hapo kuna jengo linaloitwa Gereza. Wareno waliuteka mji mwaka 1505 na kujenga ngome, na jengo linaloonekana leo ni zaidi kazi ya Waomani. Kwa maelezo ya kamusi nyingi, "gereza" imetokana na neno la Kireno "igreja", yaani kanisa. Maana ilihamaje kutoka kanisa hadi jela? Ngome za Wareno zilikuwa na kanisa ndani, na ngome hizo baadaye zikafungiwa watu. Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na baadaye ikatumika kama jela. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593, ilikuwa jela chini ya Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Jengo lilibaki, kazi ikabadilika, na neno likaifuata kazi. Kwetu hapa neno hilo halikushika: tunasema "buloko", na kila mtu anaelewa.

Na "kasri" je? Hili ndilo jibu la kumchekesha mgeni aliyeuliza habari za château. Kiswahili kimelipata kutoka Kiarabu "qasr", na Kiarabu kililipata, kupitia lugha nyingine, kutoka Kilatini "castrum", kambi ya askari. Udogo wa "castrum" ni "castellum", ambao umezaa "château" cha Kifaransa na "castle" cha Kiingereza. Kwa hiyo kasri na château ni ndugu waliolelewa katika nyumba mbili. Lakini udugu huo hautoi ruhusa ya kuita boma la Munema kasri. Tukifanya hivyo tunaomba heshima kwa neno la mtu mwingine, kana kwamba mti na udongo ni aibu.

Kosa la mwisho ni kubuni asili ya neno. Wako watu wanaoeleza kwamba "boma" ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yaliyotaja utawala wa Waingereza. Maelezo hayo yanapendeza garini, lakini si kweli: Stanley aliliandika neno hilo katika kitabu chake cha 1872, kabla utawala huo haujakuwako. Mgeni anayelipa siku yake amelipa pia ukweli. Kwa ajili hiyo hiyo, kiongozi asifiche watumwa. Boma liliwalinda wengine na kuwafungia wengine, na wazao wa pande zote mbili wako katika mabasi yetu hapa Lubumbashi.

Basi, ningejibuje leo? Nisingengoja swali. Kabla hatujafika Likasi ningemwuliza mgeni neno la kwao la makao ya mfalme, kisha ningempa yetu: lupango, boma, ikulu. Kwa kila neno ningeeleza mambo matatu: lilitoka lugha gani, lilitaja kitu gani kwanza, na nani alilibadilisha. Tukishuka Bunkeya, angekuwa anatafuta alama ya uzio, si mnara.

Jioni, tukirudi mjini, kitu cha kwanza kuonekana ni mumbunda na tshimuni, kilima cha taka za shaba na bomba lake la moshi. Ndicho kilichochukua nafasi ya ngome katika mji huu, na hakuna anayekiita kwa Kifaransa akiwa nyumbani. Wazee wetu walijua thamani ya jambo hilo. Mwaka 1965, watu waliokuwa wamefanya kazi katika nyumba za Wazungu waliandikisha historia ya mji kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kwa mkono wa André Yav, na wakaiita Vocabulaire de la ville d'Elisabethville. Kwao historia ya mji na orodha ya maneno vilikuwa kitu kimoja.

Fakulte yetu inaweza kuendelea na kazi hiyo. Kila mwanafunzi anayerudi kijijini wakati wa likizo aandike neno linalotumika kwao kwa makao ya mkubwa wa zamani, na amwulize mzee uzio ulipita wapi. Wazee wanaoweza kuonyesha kwa kidole wanapungua, na mgeni mwingine atashuka garini na kuuliza.