Kwa Nini Matangazo Mubashara Humaliza Kifurushi Chako?

Katika Milima ya Pare, wilayani Same, wakulima wamekusanya maji kwa vizazi vingi katika mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Ndiva ikifunguliwa, maji hushuka kwa mfereji mkuu na kugawanywa yanapokaribia mashamba. Hakuna anayejichimbia mfereji wake kutoka mlimani.

Mitandao ya mawasiliano nayo inaweza kusafirisha matangazo mubashara kwa namna hiyo: nakala moja hutoka kwenye chanzo, kisha hurudufiwa karibu na watazamaji. Ndani ya mtandao wa mtoa huduma mmoja, jambo hili hupangika. Ugumu huanza pale mtazamaji anapokuwa katika mtandao mwingine, kwa kuwa ruta za huko hazina habari kwamba chanzo hicho kipo.

Mitandao hutambulishana vyanzo kwa njia gani?

Mwaka 2003 ulichapishwa utaratibu wa kitaalamu uitwao MSDP. Chanzo kinapoanza kurusha matangazo, ruta maalumu ya mtandao wake huziarifu ruta za mitandao jirani, nazo hupokezana taarifa hiyo. Mtandao wenye watazamaji huomba nakala moja tu na kuwagawia. Hata hivyo, sharti wenye mitandao wakubaliane, na kwa kawaida matangazo ya intaneti ya umma hayasafirishwi hivyo.

Hili linakuhusu vipi?

Unapotazama mechi au kikao cha Bunge kupitia intaneti, kila simu huletewa nakala yake. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, dakika 90 hutumia takribani megabaiti 675. Simu nne katika nyumba moja zikitazama mechi ileile hutumia takribani gigabaiti 2.7.

Ufanye nini?

1. Tazameni pamoja kwenye skrini moja.
2. Punguza ubora wa picha kabla ya kuanza kutazama.
3. Pale mawimbi yanapofika, tumia redio au televisheni yenye kisimbuzi. Hizo hazigusi kifurushi cha data.
4. Kifurushi kikiisha kwa namna usiyoielewa, andika tarehe, saa na kiasi kilichotumika, kisha wasilisha lalamiko kwa mtoa huduma wako. Usiporidhika na majibu yake, lifikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kumbukumbu hizo ndizo zitakazokusaidia kupata haki yako.